Nilitaka Mbegu ya Kamba, Nikapewa Maelezo

Kamba akiugua haendi kujificha. Huja ukingoni. Hupanda mpaka maji yawe yanamfunika mgongo tu, akatulia pale, na ukimgusa kwa kidole hashtuki. Asubuhi ile nilipoona ukingo mzima wa bwawa langu la juu umejaa kamba waliotulia, wamegeuka wekundu, na yangeyange wamejipanga wanachagua wamtakaye, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Niliokota mmoja, nikambandua ganda la kichwa, nikalielekeza juani. Lilikuwa na madoa meupe kama chokaa iliyorashiwa kwa ncha za vidole. Nikalitupa, nikakaa juu ya tuta, nikawatazama ndege wakila jasho langu.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuulizwa. Nikienda sokoni naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa. Mzee, ni kweli kamba wako wamechomwa sindano? Mzee, ni kweli wana jicho moja? Basi nasema mara moja, na asiyesoma asinisumbue tena.

Mabwawa yale nimeyachimba mwenyewe. Hapa kwetu Msuka, kisiwani, nyuma ya mikoko, kuna ardhi ya chumvi isiyoota hata jani. Nilianza nayo kijana, nikakata mashamba ya chumvi kwa jembe na mikono. Chumvi iliponilisha nikajenga nyumba ya mawe, nikanunua gari ya mizigo, nikaoza mabinti. Chumvi ilipoacha kulipa nikayachimba yale mashamba yakawa mabwawa, nikaweka milango ya maji, nikaanza kufuga kamba. Watu walicheka. "Kamba wamejaa baharini bure, weye unawachimbia nyumba!" Nilipovuna mara ya kwanza, hao hao walikuja na vikapu.

Shule nilikwenda kwa vipande. Karafuu zikiiva siendi, bahari ikiwa nzuri siendi, na siku nilizokwenda mwalimu alikuwa anashangaa kuniona. Kusoma nasoma, kuandika naandika kama mnavyoona. Lakini sipendi mtu aniambie jambo kwa maneno marefu huku ananitazama kama anamtazama mgonjwa. Na katika habari hii nimeambiwa mengi kwa maneno marefu.

Ule ugonjwa ulimaliza mabwawa yote mara ya kwanza. Nikayakausha, nikatia chokaa, nikangoja jua lipasue tope, nikaagiza vifaranga wengine wa kamba kutoka bara. Wakakua vizuri, nikaanza kujisifu. Ukaja tena. Safari hii, nilipokuwa namwaga maji ya bwawa la chini ili niwatoe waliokufa, nikaona chini kwenye tope vitu vinaruka. Wazima. Si wengi, lakini wazima kabisa, maganda safi, macho meusi, wanapiga mikia kama hapakutokea kitu. Walikula chakula kile kile, wakanywa maji yale yale, wenzao wakafa wakaoza juu yao.

Mie nimefuga mbuzi. Mbuzi aliyepona wakati zizi zima limekufa, humchinji. Unamwacha azae. Nikawakusanya kamba wale kwenye kizimba cha nyavu pale mfereji unapoingilia, na kila mmoja nikamkata pembe ya mkia kwa mkasi mdogo, kama ninavyokata masikio ya mbuzi wangu, ili wa mwitu wakipenya niwajue. Nia yangu ilikuwa moja tu: nipate mbegu kutoka kwa hawa, nijaze mabwawa, ugonjwa ukija unikute nimejipanga.

Tatizo ni kwamba kamba si mbuzi. Hazai ndani ya bwawa. Anataka maji ya bahari kuu, safi, na vitoto vikitoka ni kama vumbi, vinataka kulishwa vitu visivyoonekana kwa macho. Nilijaribu kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Mke wangu alivumilia harufu mpaka akachoka, akanambia, "Mzee, ama mapipa ama mie." Nikamwaga mapipa.

Ndipo akaja yule binti.

Alikuja na bwana mmoja wa bara, mkuu wake, mtu wa viatu visafi, anayekiita kila kitu mradi. Wana kituo chao cha utafiti upande wa Wawi. Walikuwa wamesikia habari za kamba wangu. Binti akaniamkia vizuri, akakaa chini juu ya tuta bila kuogopa tope. Hilo nililipenda.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Mtoto wa wapi weye?"

"Wa Ole, Babu."

"Ole! Ninyi watu wa mikarafuu na muhogo. Kamba umemjulia wapi?"

"Nimesomea, Babu."

"Kamba anasomewa?"

Akacheka. "Anasomewa, Babu, tena miaka. Na bado hatujamjua."

"Ungekuja kwangu ungemjua kwa msimu mmoja."

"Ndiyo nimekuja, Babu."

Akanieleza. Ndani ya mwili wa kila kamba, alisema, mna maagizo aliyorithi kwa mama na baba: ganda lijengwe hivi, miguu iote hivi, ugonjwa ukiingia mwili ujitetee hivi. Kila agizo wao wanaliita jeni. Wanadhani hawa wangu waliopona wana agizo moja ambalo wenzao hawana, au wanalo lakini halifanyi kazi sawasawa. Na siku hizi kuna njia ya kuliingilia yai lingali bichi, kwa sindano nyembamba kuliko unywele, na ndani yake dawa inayokwenda mpaka kwenye agizo lile lile moja na kulikata, bila kugusa mengine.

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu tunaangalia, Babu. Tunajifunza."

Bwana wa bara akaingilia. "Mzee wangu, mradi huu ni wa kihistoria."

Mie nilichosikia ni hiki: wanatengeneza mbegu isiyokufa. Hawakusema hivyo, sasa najua hawakusema. Lakini na wao walikuwa wananiona ninavyoitikia kwa kichwa, mzee na kofia yake, na hakuna aliyesema, "Babu, subiri, hujatuelewa." Nikawagawia nusu ya waliobaki. Tukawatia kwenye mifuko ya maji na hewa, wakaondoka nao. Nusu nikabakisha kizimbani, maana sijapata kumpa mtu kitu changu chote.

Muda ukapita. Nikipiga simu, binti ananambia, "Wametaga, Babu, Alhamdulillah." Nikipiga tena, "Wamekua, Babu." Nikatia mafuta gari yangu nikaenda Wawi kuwaona.

Mlangoni wakanizuia. Nikatiwa miguu kwenye dawa, nikaoshwa mikono mpaka viwiko, nikavishwa viatu vya mpira na joho jeupe. Nikawaambia, "Mkimaliza kunikosha na kunivika, mtanisalia hapa hapa au mtanipeleka msikitini?" Binti alicheka mpaka akashika ukuta. Bwana wa bara hakucheka.

Ndani mna matangi, safi, maji yanapiga mapovu. Akanionesha moja. "Hawa ni watoto wa kamba wako, Babu. Hatukuwagusa." Nikainama nikawaona, wembamba, wanakimbia. Moyo ukafurahi. Akanipeleka la pili. "Na hawa ni ndugu zao, tumelikata lile agizo."

"Ehe," nikasema. "Sasa hawa ndio hawafi."

Akanitazama. "Hapana, Babu. Hawa tunatarajia wafe."

"Sema tena."

"Tunadhani lile agizo ndilo linalowakinga. Sasa tukilikata, kisha hawa wakafa kwa ugonjwa, na ndugu zao wasioguswa wakapona, tutakuwa na uhakika kuwa ni lenyewe."

"Mwanangu, nilikupa kamba waliokataa kufa. Weye umekaa ukawatengeneza wanaokufa?"

"Ndiyo, Babu. Yaani si hivyo, lakini ndiyo."

"Na huo ugonjwa utafikaje humu, na mtu haingii mpaka akoshwe kama maiti?"

Akanionesha mlango wa nyuma kwa kidole. "Tunawatia sisi, Babu."

"Mnawatia!"

"Katika chumba kile cha ndani. Maji yake hayatoki nje mpaka yatiwe dawa ya kuua ugonjwa. Na kazi ikiisha, wote wanachomwa moto."

"Hata waliopona?"

"Hata waliopona."

Wallahi niligeuka nikalitazama tena lile tangi la kwanza. Bwana wa bara akanishika bega. "Mzee wangu, hiyo ndiyo sayansi."

Nikamwambia atoe mkono. "Mie sikukupa kamba wangu wakafanyiwe sayansi. Nilikupa wakazae. Mtu ana ng'ombe mmoja aliyepona, weye unamchukua ndama wake unamvunja mguu, ati upate kujua ng'ombe anatembelea mguu!"

Binti akajaribu tena. Alikuwa na subira, na subira yake ilinikera zaidi. "Babu, gari yako ikizima na hujui waya gani unaoiwasha, hufanyaje? Si unachomoa mmoja mmoja?"

"Nachomoa, halafu naurudisha. Weye unarudisha?"

"Kwa yule tuliyemkata, hatuwezi. Lakini tukishaujua waya, Babu, tunaweza kuwachagua wazazi walio nao mzima, tukawakutanisha hao tu. Sasa hivi tunachagua gizani. Aliyepona huenda amepona kwa bahati, ugonjwa ulimpitia mbali."

Nilimwelewa. Pale pale nilimwelewa, na sikumwambia. Nilivua joho, nikawaambia wanipe viatu vyangu.

Sasa nije kwenye lile ambalo mke wangu hataki nilitaje, nami nalitaja.

Walipiga simu kwamba watakuja Msuka kuchukua vipande vidogo vya miguu ya wale waliobaki kizimbani, wakavipime. Kamba akikatwa kiguu cha kuogelea kinaota tena, hilo nalijua, nikakubali. Nikamwambia mke wangu, "Kesho nina wageni kutoka Wawi, na mmoja ni mtu mkubwa wa bara. Wapikie kitu cha maana, usinitie aibu." Basi. Nikaenda zangu kuziba mlango wa maji uliokuwa unavuja.

Asiyezaliwa hapa lazima aelezwe. Kwetu mgeni haulizwi alichojia mpaka ale. Utamuuliza njia ilikuwaje, watoto hawajambo, mvua huko kwenu imenyesha, lakini shida iliyomleta humuulizi, na yeye haisemi, maana kumuuliza ni kama kumwambia aseme haraka aondoke. Yule binti wa Ole naye amelelewa hivyo hivyo. Bwana wa bara aliwahi kufungua kinywa, "Mzee wangu, kuhusu sampuli," binti akamkanyaga mguu. Nilimwona.

Kwa hiyo tukala. Wanaume tuko barazani: mie, bwana wa bara, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa amekuja tangu asubuhi kusaidia. Binti yuko ndani na mke wangu. Wali wa nazi, na kamba wa kupaka, wakubwa, wamechomwa juu ya makaa na tui zito, na pembeni mchuzi wa kamba. Bwana wa bara alisahau mradi wake. Alikuwa anafyonza vichwa kimoja baada ya kimoja, tui linamtiririka kidevuni, ananambia, "Mzee wangu, mzee wangu," asiweze kumaliza. Nami nikajiona mtu kati ya watu. Nilidhani wametoka kwa wavuvi asubuhi.

Binti akatokea mlangoni. Mkono wa kulia una wali, kidole gumba na cha shahada vimeshika mkia wa kamba. Uso umemwiva.

"Babu," akasema. "Huyu mkia wake umekatwa pembe."

Nikatazama sinia langu. Mikia yote niliyoiweka kando ilikuwa imekatwa pembe.

Bwana wa bara alikuwa na kichwa mdomoni. Akakitoa polepole, akakiweka kwenye sahani kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Shemeji," nikamwambia yule kaka wa mke wangu. "Kamba hawa umewatoa wapi?"

"Kizimbani kwako, shemeji. Dada kanituma."

"Wote?"

"Niliwachagua wakubwa kwa kupaka."

"Na wadogo?"

Akatazama bakuli. "Wadogo ndio huo mchuzi."

Nilinyanyuka nikamwita mke wangu kwa sauti ambayo sijamwitia tangu tuoane. Hakutoka akiwa mnyonge, mjue hivyo. Alitoka na upawa.

"Uliniambia nipike kitu cha maana," akasema. "Mabwawa yako yote makavu. Ulitaka nimpe mtu wa bara kamba wa jana wa sokoni, wanuke mbele yake, kesho waseme Msuka hawajui kupokea wageni?"

"Wale ni mbegu! Wale ni kamba wangu wa mbegu!"

"Uliniambia lini? Kila siku unakwenda kuwalisha, unakuja hapa umenuna, husemi. Nilijua unawanonesha kwa ajili ya Idi."

"Nani anamnonesha kamba kwa Idi?"

"Nani anamlea kamba miezi asimle?"

Shemeji akasema, "Lakini walikuwa watamu." Nikamtazama mpaka akachukua jagi la maji akaenda kulijaza.

Bwana wa bara ndipo akakumbuka cheo chake. "Mzee wangu, kwa kweli hii ni hasara kubwa kwa sayansi." Nikamwambia ajipanguse kidevu kwanza, sayansi bado inamdondoka.

Binti alikwenda kizimbani peke yake. Nilimfuata. Nyavu zilikuwa safi, maji yanapita tu. Akachuchumaa akatazama, akaona kaa mmoja mdogo, akamwacha. Alikuwa amelia kidogo, akajifuta kwa ukingo wa mtandio. "Babu, waliobaki duniani sasa ni wale walio kwetu tu," akasema.

"Na mnawachoma."

"Wazazi hatuwachomi, Babu. Wazazi wako kwenye tangi safi, mbali na kile chumba."

Niliposikia hivyo ndipo nilipopumua.

Habari zikafika kijijini kabla wageni hawajavuka barabara ya lami, na zilifika zimeharibika. Ati mzee kawalisha wageni kamba wa sindano. Ati bwana wa bara kaondoka anajikuna. Watu wakaja kunisalimia, wanakaa, wananitazama ngozi. Mmoja akaniuliza nikikaa kwenye maji ya chumvi najisikiaje. Baada ya sala ya alasiri mtu akamuuliza shehe wetu kama kuingilia yai la kamba si kuibadili kazi ya Mwenyezi Mungu. Shehe akasema jambo lenyewe atawauliza wanaojua zaidi, hatoi jibu la barazani. Lakini kamba tuliokula Msuka walizaliwa kwa mama zao kama kamba wote, na wa sindano wako Wawi ndani ya matangi, basi watu waache kumtazama mzee miguu. Namshukuru. Nusu yao waliacha.

Mie sikungoja. Siku chache baadaye nikapakia mapipa kwenye gari, na pampu ya hewa, nikaenda Wawi kuwachukua kamba wangu wazazi. Nilikuwa nimeamua. Nitawarudisha bwawani, nitawalinda mwenyewe, na mbegu nitaitafuta kwa njia nyingine. Njiani nilikuwa nasema peke yangu mpaka watu wa Konde wakanitazama.

Nilikoshwa tena, nikavishwa tena. Bwana wa bara hakuwapo. Binti hakubishana. "Ni wako, Babu. Njoo uwaone kwanza." Akaniingiza kwenye chumba chenye giza, matangi yamefunikwa turubai, maana jike akitaka kutaga hapendi mwanga. Akawasha kurunzi ndogo chini ya maji. Jike akapita polepole, mkubwa kuliko nilivyompa, na mgongoni, ndani ya ganda, mna mstari mpana wa kijani. Mayai. Akageuka.

"Jicho lake la pili liko wapi?"

"Tumelikata, Babu."

"Subhanallah! Ninyi hamwezi kupenda kitu bila kukikata?"

"Hilo si letu peke yetu, Babu. Vifaranga wote uliokuwa ukiwanunua bara, mama zao hufanywa hivi. Kwenye kikonyo cha jicho mna kitu kinachomzuia asipevuke akiwa kifungoni. Likiondoka moja, anataga."

Miaka yote nimenunua vifaranga na sikujua kuwa mama zao wana jicho moja. Hilo nalo likanikera: kwamba niliyakuta mambo yameshafanyika, na mie ndiye niliyekuwa nalipa.

"Ukimrudisha bwawani, hamwoni kaa wala ndege upande mmoja," akasema. "Na wamezeeka. Huyu ndiye wa mwisho mwenye mayai, Babu. Nadhani hatataga tena baada ya hapa."

Kisha akanambia jambo ambalo alikuwa ameliweka. Kile chumba cha ndani kimeshamaliza kazi. Waliokatwa lile agizo walikufa karibu wote. Ndugu zao ambao hawakuguswa, walipewa ugonjwa ule ule, na wengi wao walibaki. "Ni lenyewe, Babu. Si bahati. Kamba wako kweli wanalo."

"Nilikwambia tangu siku ya kwanza juu ya tuta."

"Uliniambia. Lakini ulikuwa hujui."

Nikauliza wako wapi hao waliobaki, niwaone. Akatazama chini. Wamechomwa.

Bwana wa bara akafika, na hapo ndipo tulipogombana sawasawa. Yeye alitaka mayai yale ya mwisho yote yaingie kwenye jaribio la pili. "Mara moja haitoshi, mzee wangu. Lazima turudie." Nikamwambia arudie kwa kamba wa mama yake. Binti akafumba macho. Nikasema: wazazi ni wangu, niliwapa kwa maneno ya mdomo tu mbele ya macho yenu, sikuuza. Yai la mwisho la kamba waliokataa kufa halitiwi ugonjwa mie nikiwa hai. Hawa wakiisha, mnajua agizo, halafu? Mtalisoma? Mtalitundika ukutani? Agizo bila kamba ni maneno tu, na maneno yenu nimeshayasikia.

"Mkuu," binti akasema, na alisema kwa adabu, "mzee ana haki. Tusipokuwa na wazazi, hata hilo jaribio la pili halitakuwa na la tatu."

Bwana akatoka nje kupiga simu. Alipiga huku na huku, ofisi hii na ile, mie nimekaa juu ya pipa langu nimekunja mikono. Akarudi uso mwekundu. Waliokatwa, wakubwa walimwambia, hawatoki kamwe, wala maji yao. Wasioguswa, wakipimwa wakaonekana hawana ugonjwa, wanaweza kurudi kwenye bwawa la mwenye wazazi. Tukakubaliana vifaranga wa mayai yale ya mwisho wabaki kiasi kwenye tangi safi wakue wawe mama, waliobaki wote niwachukue mie, na jaribio la pili lingoje. Bwana wa bara alikasirika sana. Nami kusema kweli ilinipendeza, baada ya muda wote ule, kumwona mtu mwingine amekasirika.

Jike alitaga, vifaranga wakapimwa wakaonekana safi, wakaletwa Msuka asubuhi, kwenye mifuko ya maji na hewa. Mie nilikuwa nimeshalijaza bwawa maji, niko tayari na kisu cha kufungulia mifuko. Binti akanizuia. "Bado, Babu. Mifuko ielee kwanza, maji ya ndani yapate joto la maji ya nje." Tukangoja. Ametumbukia tope mpaka magotini, ameshika mifuko isisukumwe na upepo, na kila nikimuuliza ananambia bado. Nimechimba bwawa lile kwa mikono yangu, halafu naambiwa na mtoto wa Ole nisubiri ukingoni mwake. Nikasubiri. Aliposema sasa, nilifungua mwenyewe, sikumwachia. Walitoka wadogo kama kope, wakatawanyika, na maji yakawaficha.

Wamo mpaka leo. Ugonjwa haujaja, na mpaka uje hakuna anayejua kitu, si mie wala yeye wala bwana wa bara. Wakati mwingine nauona unakuja katika kila ndege anayetua. Binti hupiga simu kila Ijumaa, anauliza joto la maji, rangi ya maji, na mengine ambayo nikimwambia sijapima anakaa kimya kwa namna inayoniudhi, kwa hiyo sasa napima.

Asubuhi hii amepiga, na si Ijumaa. "Wanakula, Babu?"

Sinia ninalowatilia chakula chini ya maji nilikuwa nimelivuta juu muda ule ule. Chakula nilichokitia jana hakikubaki hata punje, na kwenye kona palikuwa na kamba mmoja, urefu wa kidole, akaruka akanipiga maji usoni na kurudi bwawani.

"Wanakula," nikamwambia. "Sasa niache nikawaongeze."